Faili la Mtoto: Kutoka Bahasha ya Kikuyu hadi Simu ya Embulbul

Jumapili jioni ndipo foleni hurefuka kwenye saiba, vile vibanda vya intaneti, za Embulbul, karibu na Ngong. Mama mmoja ameshika simu yenye picha ya mwanawe akimwagilia sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia. Mwalimu anaitaka kesho asubuhi, ikiwa kwenye karatasi. Mhudumu anamwambia aitume kwa WhatsApp ya duka. Anaifungua kwenye kompyuta, anaipunguza ukubwa, printa inakohoa, karatasi inatoka. Kijani cha mboga kimegeuka kijivu kwa sababu kuchapisha kwa rangi ni ghali zaidi.

Hesabu basi ile picha ipo mahali pangapi. Ipo kwenye simu ya mama. Ipo kwenye simu na kompyuta ya saiba. Ipo kwenye karatasi ambayo kesho itatobolewa na kutiwa kwenye faili shuleni, na huenda mwalimu naye akaipiga picha kwa simu yake ili awe na ushahidi. Mtoto, mwenye kazi na mwenye sukuma wiki, amesimama mlangoni akitazama matatu za namba 111 zikishuka kutoka Ngong. Yeye hana nakala hata moja.

Tumezoea kusema kwamba masomo ya mtandaoni yalikuja na korona, au yalikuja na mtaala wa CBC, au yalikuja na serikali ya vipakatalishi. Nadhani tunaanza hadithi katikati. Kilichokuja na intaneti ni vyombo. Swali la namna mwanafunzi anavyoweza kupanga masomo yake mwenyewe, akajua alipofika na anapokwenda, ni la zamani katika eneo hili, na kuna wakati lilijibiwa vizuri kuliko linavyojibiwa leo.

Ukitoka Embulbul kwenda kaskazini, ukapita Karen na kuvuka Dagoretti, unafika Kikuyu. Hapo kulikuwa na taasisi ya elimu ya watu wazima iliyokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, enzi hizo kikiitwa University College, na mwaka 1967 ikaanzishiwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Pesa na wataalamu wa kukianzisha vilitoka Marekani, kupitia shirika la USAID na Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mkenya Peter Kinyanjui ndiye aliyekuja kukiongoza. Wanafunzi wa mwanzo wengi wao walikuwa walimu.

Sababu yake haikuwa ya ajabu. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963, watoto wakamiminika shuleni, na madarasa yakajaa walimu ambao wenyewe waliishia shule ya msingi. Kuwaita wote vyuoni kungemaanisha kufunga shule walizokuwa wakifundisha. Basi chuo kikawafuata kwa bahasha.

Tuseme mwalimu wa namna hiyo yuko kwenye shule ya mabati kule uwandani, siku nzima kutoka reli iliko. Anapokea kijitabu cha hesabu na kingine cha Kiingereza. Anapewa ratiba ya vipindi vya redio kwenye Sauti ya Kenya, ili jioni akae na redio ya betri akifuata somo lilelile alilolisoma. Akimaliza sehemu, anajibu maswali, anatia stempu, anapeleka posta. Baada ya muda majibu yanarudi yakiwa na alama na maneno ya msahihishaji. Lengo ni mtihani wa kidato cha pili, uliokuwa ukiitwa KJSE, ambao ukiupita unapanda daraja, na daraja ni mshahara.

Ninachotaka msomaji akione hapo ni faili. Mwalimu huyo hakuwa na darasa la kumkumbusha wala kengele. Asiyeandika mahali tarehe aliyotuma zoezi la nne, na kama la tatu limerudi, na kipindi kipi cha redio kilimpita mvua iliponyesha, alipotea. Kwa hiyo aliandika. Vijitabu vilipangwa kwa namba, kazi zilizosahihishwa zikafungwa kwa uzi, ratiba ikabandikwa ukutani kwa uji wa unga. Ofisi ya Kikuyu ilikuwa na rekodi yake, naye alikuwa na yake, na mbili hizo ziliweza kushtakiana.

Kabla yake walikuwapo wengine waliojisomea kwa posta bila taasisi yoyote ya nchini kuwashika mkono. Tom Mboya, alipokuwa kijana mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, alijiandikisha kusoma uchumi na chuo cha posta cha Afrika Kusini, kabla ya kupata nafasi Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Kizazi kizima cha makarani na walimu kilisoma hivyo, kwa taa ya mafuta, kikilipa ada kwa hawala ya posta.

Na tukitaka kurudi nyuma zaidi, tushuke pwani. Katika chuo cha Kurani cha Lamu au Unguja, watoto thelathini hukaa ukumbi mmoja na kila mmoja ana lake: huyu yuko kwenye alifu, yule amefika juzuu ya tano, kaka yake anakaribia kukhitimu. Wanasoma kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mmoja mahali pake. Mwalimu anamwita mmoja mmoja, anamsikiliza, anamsogeza mbele au anamrudisha. Zamani ubao wa mti ulikuwa wa mtoto mwenyewe. Aliuandika, akauosha, akauandika tena. Wataalamu wa elimu wa siku hizi wakisema kila mwanafunzi aende kwa mwendo wake huwa nawasikiliza kwa adabu, nikikumbuka kelele za chuo.

Kilichofuata nchini kilienda upande wa pili. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Kenya ilijaribu mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi. Sauti redioni iliuliza, ikanyamaza kidogo, darasa zima likajibu kwa pamoja, kisha sauti ikasifu na kuendelea. Wafadhili walifurahi kwa sababu watoto walisikia na kusoma Kiingereza vyema zaidi, na mbinu hiyo ikaigwa katika nchi nyingine. Lakini redio haikujua nani alijibu na nani alifungua mdomo tu. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaingia, na kumbukumbu ya mtoto ikawa karatasi moja ya alama mwishoni mwa miaka minane. Madaftari yalibaki ya kufungia maandazi.

Intaneti ilipofika, ilifika kwa wenye nafasi. Mwaka 1994 vijana watatu Wakenya waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online, na baada ya muda vibanda vya saiba vikaanza kuchipuka Nairobi. Data yote ilipitia setilaiti, kwa hiyo ulilipa kwa dakika huku ukurasa ukijichora mstari kwa mstari. Mambo yaligeuka mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa.

Kufikia hapo, nchi zilizotangulia zilikuwa zimeanza kubishana juu ya jambo ambalo mwalimu wa Kikuyu angelielewa mara moja. Vyuo vyao vilikuwa vimenunua mifumo mikubwa ya masomo, ambamo mwanafunzi huingia kwa nywila ya chuo, akakuta alichowekewa, na akihitimu mlango hufungwa, na kazi zake zikabaki ndani. Mwaka 2005 Scott Wilson, mtaalamu wa Uingereza, alichora mchoro uliosambaa sana: katikati yupo mwanafunzi, na pembeni zipo huduma za mtandaoni anazoziunganisha mwenyewe, mahali pa kuandikia, pa kuhifadhia picha, pa kuwekea viungo, pa kukutana na wenzake. Chuo kilikuwa huduma moja tu kati ya hizo. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes wakaendesha kozi katika Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada. Waliolipa walikuwa kama 25. Waliojiunga bure kutoka duniani kote walizidi 2,000, kila mmoja akipanga usomaji wake kwa vyombo alivyovichagua. Wendy Drexler wa Marekani alilipeleka wazo hilo kwa vijana wa shule, akachapisha makala mwaka 2010 kuhusu ugumu ambao mwalimu yeyote anaujua: ukiwaachia kamba ndefu wanapotea, ukiivuta hawajifunzi kujiongoza.

Mchoro wa Wilson, hata hivyo, uliacha mambo mawili bila kuyachora, nayo ndiyo Embulbul huulizana kwanza. Simu ni ya nani, na bando analipa nani?

Machi 2010, kwenye Barabara ya Ngong, ile ya matatu za 111, katika jengo la Bishop Magua Centre, ilifunguliwa iHub, ukumbi wa vijana wa teknolojia ulioanzishwa na Erik Hersman na wenzake. Kutoka hapo ni nusu saa tu hadi Embulbul magari yakikubali, na magari hayakubali. Mwaka huohuo Nairobi ilivuma maneno ya programu na ubunifu. Mwaka huohuo pia kampuni za simu zilipigana vita vya bei hadi ujumbe mfupi ukashuka karibu shilingi moja, na nadhani kwa mtoto wa kawaida jambo hili la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Maana chombo cha kwanza cha kujisomea kilichoingia nyumba za kawaida kilikuwa ujumbe mfupi. Eneza Education, iliyoanzishwa na Kago Kagichiri na Toni Maraviglia, ilifundisha kupitia simu za kubonyeza, zile tunazoziita kabambe. Mtoto alichagua somo, akatumiwa maelezo mafupi, akajibu maswali, akaambiwa amekosea wapi, na akiwa na swali lake mwenyewe alimwandikia mwalimu aliyekuwa upande wa pili. Baadaye, pamoja na Safaricom, huduma hiyo ikawa Shupavu 291. Ni bahasha ya Kikuyu iliyopunguzwa ikawa herufi 160, na badala ya kungoja posta, jibu lilirudi kabla uji haujapoa.

Tofauti ilikuwa hii: bahasha ilibaki chini ya kitanda. Ujumbe ulikaa kwenye simu ya baba hadi simu ikajaa, kisha baba akafuta.

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliomba kura kwa ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014 baada ya mabishano, na kifaa chenyewe kikabadilika njiani kikawa kishikwambi. Mwaka 2015, kabla serikali haijasambaza chake, kampuni ya BRCK, iliyozaliwa na watu walewale wa Ngong Road, ilitoa Kio Kit, sanduku gumu lenye vishikwambi 40 vinavyochajiwa ndani yake bila kuchomekwa waya, na kisanduku cha mtandao kinachobeba masomo hata pasipo na intaneti. Mwaka 2016 serikali ikaanza na shule 150, na katika miaka iliyofuata ikasambaza zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Viliundwa na miungano miwili, mmoja wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na kampuni ya Positivo BGH, mwingine wa Chuo Kikuu cha Moi na JP Couto.

Vishikwambi vile vilikuwa vya shule, na mwalimu mkuu aliyevitia sahihi alijua vikiibiwa ni yeye. Basi vikawekewa milango ya chuma na kufuli. Vilitoka kabatini kwa kipindi, vikapita mikono ya watoto wa darasa hili kisha la pili, vikarudi. Simlaumu mwalimu mkuu. Ningekuwa yeye ningeweka kufuli mbili. Lakini mtoto aliyechora nyumba leo alikuta kesho kishikwambi kingine, na nyumba haimo.

Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kujaribiwa mwaka 2017 na kuingia madarasani nchi nzima Januari 2019. Kati ya stadi saba zinazoubeba, moja ni kutumia teknolojia na nyingine ni kujifunza namna ya kujifunza. Ukizisoma hizo mbili pamoja unapata karibu kila kitu nilichokwisha kukieleza: mtoto ajue anachokijua, akusanye kazi zake, azitazame, apange hatua ifuatayo. Kwenye karatasi ni wazo zuri sana. Lilipotua mtaani likawa faili la plastiki lenye mifuko, picha za kuchapishwa, na wazazi wakinung'unika kwamba ni wao wanaosoma gredi ya nne. Saiba, zilizokuwa zikifa kwa sababu kila mtu ana intaneti mfukoni, zikafufuka.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, rais alipotangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD, ilikuwa na vipindi vya redio kwenye Radio Taifa, runinga ya Edu, masomo kwenye YouTube na hazina yake ya mtandaoni. Shupavu 291 ilitolewa bure kwa muda. Katika nyumba za chumba kimoja za Embulbul, hata hivyo, darasa lilikuwa kundi la WhatsApp kwenye simu ya mama, na mama alikuwa ametoka alfajiri kufua nguo Karen, na simu alikuwa nayo. Kazi za asubuhi zilionekana saa mbili usiku. Kaka wa darasa la nane alitangulizwa kwa sababu ana mtihani. Mdogo akafikiwa betri ikiwa imebaki chembe.

Julai mwaka huo, katika wiki moja, yalitokea mambo mawili ambayo huwa napenda kuyaweka ubavu kwa ubavu. Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Na kampuni ya Loon, ya familia ya Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilizindua intaneti ya puto: maputo kama 35 yakielea kilomita 20 angani na kurusha mtandao kwenye simu za chini. Shule zilianza kurudi Oktoba kwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, wengine Januari 2021. Mwezi huohuo wa Januari Loon ilitangaza kufunga biashara.

Maputo hayakuwa ya kwanza kututoka, wala ya mwisho. Google Reader, ambayo watu wengi waliipangia usomaji wao wa kila siku, ilizimwa Julai 2013. Edmodo, iliyoanzishwa Chicago mwaka 2008 na kupendwa na walimu wa nchi nyingi kwa sababu ilifanana na Facebook lakini ni ya darasa, ilifungwa Septemba 2022. Katika kila kisa wenye akaunti walipewa siku za kuhamisha vitu vyao, na kila aliyewahi kumhamisha mpangaji anajua siku hizo hazitoshi. Barua za Kikuyu zingeweza kuliwa na mchwa, lakini mchwa hakufunga ofisi nzima siku moja.

Serikali nayo ilikuwa ikijenga faili lake. Kupitia mfumo wa NEMIS kila mwanafunzi alipewa namba yake ya kipekee, UPI, ya kumfuata akihama shule. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani walimu walianza kuingiza alama za tathmini za shuleni, nazo zina uzito: katika tathmini ya kwanza ya gredi ya sita, Novemba 2022, karatasi za mwisho zilibeba asilimia 40 tu, na asilimia 60 zilitokana na kazi za shuleni za gredi ya nne, ya tano na ya sita. Kwa mara ya kwanza alichofanya mtoto akiwa na miaka kumi kilihifadhiwa mahali na kuhesabiwa. Mwalimu aliyekosa mtandao shuleni alibeba karatasi jioni akazipeleka saiba, akapanga foleni nyuma ya mama wa sukuma wiki.

Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inasema data ya mtoto isitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Watu hawakuitilia maanani hadi Septemba 2023, kamishna wa data alipoitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Uthiru si mbali na Kikuyu kwenyewe. Makundi ya wazazi yakajaa maswali. Swali moja sikulisikia kwa yeyote: kama mzazi lazima aombwe, na shule inaweza kutozwa faini, mtoto mwenyewe anapata wapi nakala ya kazi zake zote za miaka sita akitaka kuzitazama?

Juzi nilikuwa kwenye foleni hiyo ya Jumapili. Mbele yangu msichana wa kama miaka kumi na mmoja alikuja peke yake, akiwa na sare ya shule, daftari la kurasa 32 mkononi. Ukurasa wa nyuma alikuwa amechora jedwali kwa rula. Safu ya kwanza aliandika kazi: wimbo, shanga, ramani ya Kajiado, mradi wa kuku. Safu ya pili, iko wapi: simu ya Mama, simu ya Mwalimu, saiba, kabati la darasa. Safu ya tatu ilikuwa alama ya vyema, au nafasi tupu. Ramani ilikuwa na nafasi tupu. Alitaka mhudumu amtafutie. Waliichapisha hapo wiki mbili zilizopita, na karatasi ililowa.

Mhudumu alifungua folda moja, akafungua ya pili, akageuka kumtazama.

"Hapa huwa nafuta kila Jumamosi, mrembo. Kompyuta hujaa."

Msichana alitoa kalamu. Kwenye safu ya pili, mbele ya ramani, alikata neno saiba kwa mstari mmoja ulionyooka, akauliza rula kama ipo, na karatasi tupu ni shilingi ngapi.